Meno Saba na Nusu kwa Inchi

Agosti ya mwaka juzi niliombwa kuwa mkalimani wa wageni saba kutoka Marekani, waliokuja Mtwara kwa nauli zao wenyewe kuwafundisha askari wetu wa zimamoto na kuwaletea vifaa. Nilikubali kwa sababu mbili. Nilikuwa nimestaafu baada ya miaka mingi ya kufundisha Kiingereza na fizikia, na asubuhi zangu hazikuwa na kazi kubwa kuliko kupogolea mikorosho michache niliyo nayo upande wa Naliendele. Kisha, nilipokuwa mtoto, nyumba ya shangazi yangu kule Mikindani iliteketea paa lote la makuti kwa muda usiotosha kuchemsha chungu cha mihogo, na tangu siku ile sijaweza kumpita mtu anayezungumza habari za moto bila kusimama kumsikiliza.

Kontena la vifaa lilitangulia kufika, likakaa bandarini kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia, kwa mambo ya karatasi ambayo sitayaeleza hapa kwa kuwa hayana ladha. Lilipofunguliwa tulikuta makoti mazito ya kuingilia motoni, kofia ngumu, buti, glavu, mitungi ya hewa ya kupumulia, nozeli za kurushia maji, na misokoto mingi ya mipira ya kupitishia maji. Askari walipiga makofi, na mimi nikapiga pamoja nao. Asiyepiga makofi ni sajini mmoja, mtu wa Newala asiyependa maneno mengi. Yeye aliukunjua msokoto mmoja, akaishika ncha yake, akatembea nayo hadi kwenye gari lao la zimamoto, akaiweka kwenye mdomo wa pampu, akaigeuza mara ya kwanza, akaigeuza mara ya pili, kisha akaiteremsha chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Mwalimu," akaniambia, "waambie haviingiliani."

Kipenyo kilikuwa kilekile, inchi mbili na nusu. Tofauti ilikuwa katika namna ya kushikana. Pampu ya gari lile ilikuwa na viungo vya mtindo wa Kiingereza, ambavyo havina meno ya skrubu: unausukuma mwisho wa mpira ndani ya tundu hadi usikie mlio wa kujifunga, na ukitaka kuutoa unavuta vishikizo viwili vya pembeni. Mipira ya wageni ilikuwa ya kufunga kwa kuzungusha, yenye meno saba na nusu katika kila inchi, ambacho ndicho kipimo rasmi cha Marekani kwa mipira ya ukubwa ule. Kwa hiyo tulikuwa na pampu nzima, mipira mizima, na baina yao pengo la sentimita chache ambalo tone la maji lisingeweza kulivuka.

Kiongozi wa wageni, mzee mwenye masharubu meupe, aliwiva uso. Hakutafuta kisingizio, jambo lililonifanya nimheshimu kuanzia pale. Aliketi juu ya sanduku, akaniomba nitafsiri polepole, akawaeleza askari habari za moto wa Baltimore wa Februari 1904. Moto ule uliwaka kwa zaidi ya saa 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500 katikati ya mji. Msaada uliletwa kwa treni kutoka Washington na miji mingine, na wazimamoto wa Washington waliposhusha vifaa vyao wakakuta mipira yao haifungi kwenye mabomba ya barabarani ya Baltimore, kwa sababu kila mji ulikuwa na meno yake. Ni baada ya aibu ile ndipo Wamarekani walipokubaliana juu ya kipimo kimoja cha taifa. "Habari hii nimeifundisha maisha yangu yote," alisema, "na bado nimepakia kontena bila kuuliza pampu zenu zina mdomo wa namna gani."

Nieleze kidogo hawa walikuwa watu gani, kwa kuwa wengi mjini walidhani wametumwa na serikali yao. Kule kwao takriban theluthi mbili ya wazimamoto ni watu wa kujitolea, ambao mchana wana kazi nyingine na kengele ikilia wanaiacha. Katika hao saba mmoja alikuwa seremala, mmoja muuguzi, mmoja fundi umeme. Waliokuwa mbele yao ni askari wa kuajiriwa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kufuatia sheria ya mwaka 2007, wakati zamani kazi hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Hivyo wa kujitolea walikuwa wanawafundisha wa kuajiriwa, na kwa siku mbili za mwanzo pande zote mbili zilikuwa na haya fulani juu ya jambo hilo, hadi somo la maji lilipoiondoa haya hiyo.

Somo hilo lilipangwa kama lifundishwavyo kwao: mpira wa kwanza unaingia, mpira wa pili unafuata kwa ajili ya kumlinda aliyeko ndani, na maji yanafunguliwa kwa ukarimu. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maji hayo yanatoka wapi. Akajibiwa kuwa yanatoka kwenye bomba la kona ya barabara. Hapo askari wote wakacheka, bila dharau, na sajini akachukua chaki. Gari lina tangi la lita 3,000. Nozeli moja ikitoa lita 400 kwa dakika, tangi linakauka kabla ya dakika nane kutimia. Nozeli mbili zikifunguliwa pamoja, hazifiki dakika nne. Baada ya hapo gari lazima liende kujaza, na mwenye nyumba anabaki kuwatazama mkono kifuani akiamini kuwa mmekuja bila maji. Lawama hiyo ya gari la zimamoto kufika likiwa tupu nimeisikia tangu ujana wangu, na nakiri kuwa nami nimewahi kuirudia barazani, kabla ya kufanyiwa hesabu ile ya chaki.

Wageni walilipokea vizuri. Wakaacha mpango wao, wakafundisha namna ya kufungua na kufunga nozeli kwa mipigo mifupi, kuupoza moshi wa juu ya chumba kabla ya kuusogelea moto wenyewe, na kutumia maji ya ukungu badala ya mkuki wa maji panapofaa. Hapo mimi mwenyewe nilipata taabu ya lugha. Nozeli mafundi magari huiita nozo, na askari walinielewa mara moja. Lakini kuna hali ambayo moshi wa moto uliokusanyika darini hupata joto la kutosha, ukashika, na chumba kizima kikawaka kwa mara moja kuanzia juu hadi sakafuni. Wageni wana neno moja la kuitaja. Nilijaribu maneno matatu, yote yakachekesha, hadi askari mmoja kijana akasema, "Mwalimu, sisi tunasema tu chumba kimeshika." Nikalichukua neno lake na kulitumia hadi mwisho wa mafunzo.

Wakati wa kufanya zoezi la kunyonya maji kutoka baharini, mzee wa masharubu aliandika kwenye ratiba: saa nne asubuhi, ufukweni. Sajini alitazama ratiba, akatazama mbingu, akaniambia niwaulize kama wanajua siku ile ilikuwa bamvua. Hawakujua, na sikuwalaumu. Bamvua ikishika, maji ya hori la Mikindani yakipwa yanarudi mbali mno, unabaki matope na mitumbwi iliyolala ubavu. Pampu inayonyonya haiwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita saba hivi kwa vitendo, na mpira wa kunyonyea ni mfupi, kwa hiyo gari lingesimama ukingoni likinyonya upepo. Zoezi likafanyika alasiri, maji yakiwa yamejaa, na baada yake wakatumia muda mrefu kuiosha pampu kwa maji baridi ya kisima, maana chumvi iliyoachwa ndani ya chuma haisubiri wiki.

Juu ya makoti sina budi kusema jambo ambalo huenda lisipendeze. Ndani ya kila koti kuna lebo iliyoshonwa yenye tarehe ya kutengenezwa, nami kwa tabia yangu ya ualimu nilizisoma zote. Mengi yalikuwa yamepita miaka kumi. Kanuni za kule, zinazotungwa na chama chao cha kinga ya moto kiitwacho NFPA, zinataka koti liondolewe kazini linapofikisha miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama kwa macho ni zima, kwa sababu vitambaa na mishono huchoka kwa joto, jua na jasho. Ndiyo maana makoti kama haya yanapatikana kwa wingi kwa ajili ya kutolewa. Nilimuuliza mzee waziwazi iwapo moto wa Mtwara ni baridi kuliko wa kwao. Hakukasirika. Alisema kituo kisicho na koti hata moja kinapata ahueni hata kwa koti kuukuu, mradi mvaaji ajue anavaa nini. Wakayagawa mafungu mawili: yaliyo ndani ya umri kwa ajili ya kuingia ndani ya nyumba inayowaka, na yaliyopita umri kwa mazoezi na mioto ya nje, nayo wakayapiga alama kubwa ya rangi mgongoni. Kwangu mimi hiyo ilikuwa saa moja ya kazi yenye thamani kuliko sherehe nzima ya kukabidhi. Msaada usio na alama mgongoni humfanya askari kijana aamini kuwa amekingwa wakati hajakingwa.

Tena makoti yale yameshonwa kwa nchi za theluji. Agosti kusi inavuma na watu wa Mtwara tunaona kuna baridi, lakini dakika kumi na tano za kuburuta mpira ndani ya koti lile zilimwangusha muuguzi wao mwenyewe chini ya mwembe, na askari wetu wakampa maji ya dafu. Kuanzia hapo waliweka zamu fupi na ndoo za maji ya kutumbukiza mikono hadi viwiko, kwa kuwa mikono ikipoa damu inapoa nayo.

Siku ya nne ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Mzee alikuwa akieleza vitu vinavyoungua majumbani: makochi ya sponji, mazulia, kuta za mbao. Sajini akanyoosha mkono akasema, "Mzee, nyumba zetu tumekuelewa. Sasa tuambie habari ya ghala." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua, ndani yake mlikuwa na unga wa manjano.

Mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa salfa. Kuanzia mikorosho inapochipua hadi inapotoa maua tunaipulizia kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kwa miezi hiyo hakuna chama cha msingi cha wakulima ambacho ghala lake halina marundo ya mifuko yake ya kilo 25. Tunailalia, tunaivuta puani, tunarudi nyumbani tukinuka kiberiti, na hatuifikirii kama kitu kinachoungua. Mzee aliijua kutoka vitabuni. Alisema hajawahi kuingia penye mifuko mia tano yake.

Tukatoka nje, upande wa juu ya upepo, sajini akamwaga kijiko kimoja juu ya kipande cha bati na kukiwasha. Kwenye jua la saa nne huoni mwali. Inabidi uweke kivuli kwa mkono ndipo unauona, wa bluu, mdogo, unatambaa juu ya unga unaoyeyuka na kuwa kama asali nyekundu. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi, ikishayeyuka inatiririka huku inawaka, na moshi wake ni gesi ya salfa dioksidi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu hugeuka tindikali. Upepo ukageuka kidogo tu, wote tukakimbia tukikohoa, wageni na wenyeji, na kijiko kilikuwa kimoja.

Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa mwalimu peke yake. Walikaa chini ya mwembe wakaandika pamoja utaratibu wa moto wa ghala la salfa. Asiingie mtu bila mtungi wa hewa, hata kama moto ni mdogo, hata kama mwali hauonekani. Maji yawe ya ukungu laini, wala usiielekezee mifuko mkuki wa maji, kwa sababu utairusha hewani ile vumbi, na vumbi la salfa likichanganyika na hewa na kukutana na mwali halikuungulii polepole bali linalipuka. Waliokaa upande wa chini ya upepo waondolewe kwanza, kabla ya kufikiria mali. Na salfa isihifadhiwe kamwe pamoja na mbolea za naitreti.

Baada ya salfa wakaja kwenye korosho yenyewe, na hapo niliona furaha ya askari kumfundisha mgeni kitu cha nyumbani. Mzee alikuwa amekula korosho tangu utoto bila kujua kuwa ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi na kuwaka kwa moshi mweusi mzito. Kila mtoto wa huku aliyewahi kubangua kwa kuzichoma kwenye bati analijua jambo hilo kwa makovu ya vidole. Na magunia yaliyopangwa hadi karibu na paa yana hila nyingine: unazima juu, unaondoka, moto umejificha ndani ya rundo, na usiku wa pili ghala linawaka tena. Lazima rundo livunjwe gunia kwa gunia, na hiyo ni kazi ya watu wengi, wachukuzi wakiwamo, kwa hiyo wakakubaliana kuwa wachukuzi wa maghala nao waitwe kwenye mafunzo.

Mitungi ya hewa ilikuwa na shida yake. Ilifika imejaa, lakini ukishaitumia unahitaji kompresa ya kujazia hewa safi ya kupumua, na kontena halikuwa na kompresa. Mtungi ulioandikwa dakika 30 haumpi dakika 30 mtu anayepanda ngazi na kuburuta mpira. Ni 15 hadi 20, na ikibaki robo au theluthi ya hewa, kutegemea umri wa kifaa, king'ora kinalia na unatakiwa uwe tayari njiani kutoka. Kwa mazoezi ya wiki moja mitungi yote iliisha. Fundi umeme wao ndiye aliyekumbuka kwamba palipo na wazamiaji wa kitalii pana kompresa, akaenda akabisha hodi, wakakubaliana. Mashine ile ilijaza hadi theluthi mbili tu ya uwezo wa mitungi, kwa hiyo hesabu za dakika zikapigwa upya na kuandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kila mtungi.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za raia: vijana wa bodaboda, mama lishe, walinzi wa maghala. Walifundishwa kupiga 114 na kutaja mahali kwa alama ambazo dereva atazijua, na walifundishwa mtungi wa gesi ya kupikia, kwa sababu mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo kufikia 2034, na mitungi tayari imejaa vibandani. Hapa kulikuwa na fundisho moja linalowahusu watu wa Mtwara zaidi ya wengine. Tumezoea kusikia habari za gesi ya Mnazi Bay, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito, hushuka sakafuni na kujikusanya kwenye vishimo, na mama anayefungua dirisha la juu akidhani ameitoa hajaitoa. Mama lishe mmoja mnene, mcheshi, ndiye aliyefunika mtungi unaowaka kwa khanga iliyoloweshwa, akafunga vali kwa mkono wa pili, akageuka akauliza kama kuna mwingine. Wanaume waliokuwa wamejipanga nyuma yake walikumbuka ghafla kuwa wana abiria.

Narudi kwenye mipira. Wageni walitaka kuagiza kutoka kwao adapta, yaani viungo vya kuunganisha mitindo hiyo miwili, lakini sajini aliniomba twende kwanza kwa mkereza vyuma mmoja mjini, mzee mwenye mashine ya kukerezea ya Kiingereza iliyomzidi umri. Tulimpelekea ncha ya mpira wa Kimarekani na kiungo kibovu cha pampu. Alivitazama kwa muda mrefu bila kusema, akachukua bushi kuukuu ya shaba, yaani pete nene ya kuzungushia mhimili, iliyotolewa kwenye chombo kilichovunjwa, akaifunga. Kipande cha kwanza alikikata kwa meno manane kwa inchi, kwa kuwa ndiyo namba aliyoizoea. Kilishika mzunguko mmoja, katika wa pili kikakwama. Akaweka kipimo cha meno juu ya ncha ya mpira, akainua kwenye mwanga, akasema, "Si nane hii. Si saba pia." Mimi nikampa ile saba na nusu niliyoitafsiri siku ya kwanza bila kujua kuwa itanifaa.

Skrubu kuu ya mashine yake ina meno manne kwa inchi. Alikaa kwenye kigoda akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, akaenda kwenye sanduku la gia, akachagua ya meno 40 kuwa ya kuendesha na ya meno 75 kuwa ya kuendeshwa. Nne mara sabini na tano, gawanya kwa arobaini. Mwalimu mstaafu wa fizikia nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa sijamaliza kuipiga kichwani. Kipande cha pili kiliingia mpaka mwisho kwa vidole viwili. Tulikipeleka kituoni jioni ileile, upande mmoja ukasukumwa kwenye pampu ukalia, upande wa pili ukafungwa mpira, pampu ikapandishwa taratibu wageni wakiwa wamesimama mbali kwa tahadhari, na maji yakapita. Palivuja matone machache kwenye ukosi, akaongeza kipete cha mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani la lori.

Alitengeneza sita kabla ya shaba kwisha. Askari wa Lindi wameshakuja kuulizia nne, maana nao wamegawiwa misokoto ileile, na mkereza amewaambia kuwa mkono upo, gia zipo, kisichokuwapo ni shaba nzima yenye upana wa zaidi ya sentimita nane. Namba 40 na 75 ameziandika kwa chaki juu ya ukuta, karibu na swichi. Aliye na bushi ya namna hiyo, ya meli au ya kinu, iwe Mtwara, Masasi au Kilwa, aipeleke kituo chochote cha zimamoto na kusema ni ya adapta; wataelewa.